PHILLY LUTAAYA: MWIMBAJI ALIYEKATAA KUFICHA MARADHI

Wahenga wetu walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii tumeisikia tangu tungali wadogo, tukaihifadhi pamoja na nyingine nyingi. Lakini si kila aijuaye methali huifuata, na hasa pale maradhi yenyewe yanapokuwa ni yale yatajwayo kwa kunong'ona.

Mimi mwandishi wa makala haya nakumbuka kijana mmoja wa mtaani petu, katika miaka ya tisini, aliyefungiwa chumba cha uani miezi mingi. Jirani tukiuliza hali yake, leo tuliambiwa ni kifua, kesho ni homa, keshokutwa ni jicho la watu. Siku alipofariki, waosha walisimama mlangoni wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenziwe atangulie. Vijana wa rika lake walikuja mazikoni wakaketi barazani vichwa chini. Baadhi yao walikuwa wameishi maisha yale yale aliyoishi yeye. Wakasoma, wakala, wakaondoka, na hapana mzee hata mmoja aliyewaambia lile neno ambalo pengine lingewaokoa. Nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaa.

Ndiyo sababu leo ukurasa huu unamkumbuka mtu wa nchi jirani ya Uganda, hayati Philly Bongoley Lutaaya. Hakuwa sheikh, hakuwa daktari, wala hakuwa mwalimu. Alikuwa mwimbaji, tena Mkristo. Huenda msomaji akauliza mtu kama huyo ametuletea nini sisi watu wa Pwani. Namwomba anistahimilie, kwani katika miezi minane ya mwisho ya uhai wake mtu huyu aliwafunza vijana wa nchi yake jambo ambalo wengi wenye vilemba na wenye misalaba walikuwa wakiliogopa.

UTOTO NA MUZIKI

Lutaaya alizaliwa tarehe 19 Oktoba, 1951, katika ukoo wa Waganda. Mwaka 1968 aliacha masomo ya sekondari akaingia katika muziki. Zama hizo Kampala ilikuwa mji wa bendi na madansi, na kijana mwenye sauti na kipaji cha kutunga hakukosa mahali pa kusimama. Akapiga na bendi za kwao, kisha akavuka mipaka, akapiga muziki Kongo na hapa kwetu Kenya, kama walivyofanya wanamuziki wengi wa Uganda waliokuwa wakitafuta riziki na usalama katika miaka ile ya utawala wa Idi Amin na misukosuko iliyofuata.

Mnamo mwaka 1984, nchi yake ikiwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Lutaaya alihamia Sweden. Huko Stockholm alikutana na Waganda wenziwe wapiga muziki, miongoni mwao Sammy Kasule, na hapo ndipo kipaji chake kilipokomaa. Alitoa sahani ya santuri iitwayo Born in Africa, jina lenye maana ya kwamba yeye ni mzaliwa wa Afrika. Humo mlikuwa na nyimbo za Kiganda na Kiingereza zilizochanganya majonzi ya ugeni na furaha ya kwao. Mojawapo, Entebbe Wala, jina lake tu lasema kwamba Entebbe ni mbali. Aliyewahi kuishi ugenini, akalala usiku akikumbuka harufu ya udongo wa kwao baada ya mvua, hahitaji kuelezwa zaidi.

Santuri hiyo ilipofika Uganda ilipokewa kwa shangwe. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1986, watu wamechoka na maombolezo, na nyimbo hizo zikawa kama salamu kutoka kwa ndugu aliye mbali. Zikachezwa majumbani, katika magari ya abiria na kwenye redio. Alitoa pia nyimbo za Krismasi ambazo hadi leo hupigwa Uganda kila ufikapo mwezi wa Desemba. Lutaaya hakuwa tena mwimbaji wa klabu moja. Alikuwa sauti ya nchi nzima, na hasa sauti ya vijana.

UGONJWA USIO NA JINA

Wakati sifa zake zikipanda, balaa jingine lilikuwa likipanda pamoja nazo. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Victoria, watu walianza kufa kwa ugonjwa uliowakondesha hadi wakabaki mifupa. Wenyewe wakauita Slim, yaani wembamba, kwani ndivyo mgonjwa alivyokuwa. Kwa kuwa waliotangulia kufa walikuwa wachuuzi waliofanya magendo ziwani, wengi waliamini ni uchawi uliotumwa na Watanzania waliodhulumiwa mali yao. Na upande wa pili wa mpaka, Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walijulikana mwaka 1983, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichokuwa kikivushwa na wachuuzi hao hao. Kila upande ulikuwa na jina lake na mchawi wake, na kaburi liliwapokea wote sawasawa.

Kenya nasi hatukusalimika. Mgonjwa wetu wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984.

Serikali mpya ya Uganda, iliyoshika madaraka Januari 1986 chini ya Rais Yoweri Museveni, ilifunuliwa macho kwa namna ya ajabu. Askari 60 walipelekwa Cuba kwa mafunzo, na walipopimwa damu huko, 18 kati yao walikutwa na virusi. Fidel Castro ndiye aliyempasha Museveni habari hizo, walipokutana Harare Septemba mwaka huo. Rais aliyekuwa ametoka msituni na bunduki akatambua kwamba jeshi lake, na nchi yake, vina adui asiyepigwa risasi.

Basi Uganda ikachagua kusema. Redio ikawa inapiga ngoma, ile ngoma ya hatari iliyozoeleka vijijini, kisha onyo la UKIMWI linafuata. Wakulima na wafugaji waliambiwa kwa mfano wanaoufahamu: mume na awe kama ng'ombe aliyefungwa kambani, ale malisho yaliyo karibu na kigingi chake, asizurure katika mashamba ya watu. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenziwe chama cha TASO cha kuwatunza na kuwapa nasaha wagonjwa.

Hata hivyo, pengo moja lilibaki. Watu walisikia ngoma, wakasikia onyo, lakini hawakuona mtu. Ugonjwa ulikuwa wa jirani, wa malaya, wa dereva wa lori, wa mvuvi wa Rakai. Hapana mtu mashuhuri aliyesimama mbele ya watu na kusema kwamba ni wake. Kijana wa shule alisikia takwimu redioni, kisha akazima redio, akaenda zake.

APRILI 1989

Lutaaya aliugua, na madaktari walipompima wakamkuta na virusi vya UKIMWI. Dawa zilizopo leo hazikuwapo wakati ule. Palikuwa na moja tu iliyokuwa imeruhusiwa, nayo ilikuwa ghali na haikuweza peke yake kuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu. Kujulishwa kwamba una virusi katika mwaka ule ilikuwa ni kuonyeshwa kaburi lako.

Mbele yake palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kubaki Sweden, mbali na macho ya watu, afe kimya, na baadaye itangazwe kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Njia hiyo imepitwa na wengi, wakubwa kwa wadogo, na hapana angemlaumu. Ya pili ilikuwa kurudi nyumbani na kusema.

Alirudi. Mwezi wa Aprili 1989, mbele ya waandishi wa habari mjini Kampala, Philly Lutaaya alitangaza kwamba ana UKIMWI. Hakuwa amepata kutokea Mganda mwenye jina kubwa aliyethubutu kufanya hivyo. Ieleweke kwamba hata huko Marekani, nchi yenye hospitali na utajiri, mcheza mpira wa kikapu Magic Johnson alitangaza habari zake mnamo Novemba 1991, zaidi ya miaka miwili baada ya Lutaaya.

Msomaji asidhani kwamba alipokewa kwa machozi na makofi. Wengi hawakumwamini. Walimtazama wakamwona bado ana nyama mwilini na nguo nzuri, wakasema mgonjwa wa Slim hawi hivi. Ilisemwa kwamba amelipwa. Ilisemwa kwamba ni hila ya kuuza santuri zake. Fikiri mwenyewe, ewe msomaji: mtu anakubali kuvua sitara yake mbele ya taifa zima, na taifa linamwambia kwamba yeye ni mwongo. Lutaaya alijibu kwa kuendelea na kazi, na mwili wake mwenyewe, uliokuwa ukipungua mwezi hata mwezi, ukawa shahidi ambaye hapana aliyeweza kumpinga.

SAFARI YA MASHULENI

Miezi iliyofuata aliitumia kuzunguka nchini mwake. Aliingia mashuleni, makanisani na katika mikutano ya watu. Aliwaendea zaidi vijana, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakizijua nyimbo zake, na wao ndio waliokuwa na mengi ya kupoteza. Watengenezaji wa filamu wakiongozwa na John Zaritsky walifuatana naye, na filamu yao, nayo ikaitwa Born in Africa, ilionyeshwa mwaka 1990. Hadi leo mtu aweza kuitazama akamwona jinsi alivyokuwa akisimama mbele ya wanafunzi, akijua kwamba kila safari inampunguzia nguvu alizobakiwa nazo.

Mafunzo yake hayakuwa na elimu ngumu. Aliwaeleza kwamba ugonjwa upo, kwamba yeye anao, na kwamba alikuwa kama wao kabla ya kuupata. Hakujifanya mtakatifu aliyeonewa na ulimwengu. Wala hakuwafokea watoto kana kwamba wameshatenda dhambi. Aliwataka wajihadhari kungali mapema, na wasiwatupe wagonjwa waliomo majumbani mwao.

Hapa pana siri ambayo kila mwalimu na kila mzazi yapasa aitafakari. Kijana huwa na kinga mbele ya mahubiri. Akiambiwa usifanye, husema moyoni kwamba wazee wamesahau ujana wao. Lakini mtu akija akimwambia kwamba mimi nilipita njia hii unayoitaka, na tazama ilikonifikisha, kijana huyo hunyamaza na kusikiliza. Lutaaya aliyaweka maisha yake kuwa kitabu, akakifungua mbele ya watoto wa watu, ikiwa ni pamoja na kurasa zenye aibu.

Akiwa katika hali hiyo aliimba wimbo wake wa mwisho unaojulikana zaidi, Alone and Frightened, unaoeleza upweke na hofu ya mgonjwa, kisha unawaita watu wote wasimame pamoja kupambana na maradhi. Wapo wanamuziki wengine waliouimba UKIMWI kabla yake, kama Franco Luambo wa Zaire aliyetoa wimbo wa onyo mwaka 1987. Ila wao waliwaonya watu. Lutaaya aliimba habari za damu yake mwenyewe. Sisi tunaotunga mashairi twajua kwamba mwenye kulia kilio chake halii sawa na mlizi wa kukodiwa.

MWISHO WA SAFARI

Nguvu zilipomwishia alikuwa nyumbani Uganda. Alifariki dunia mjini Kampala tarehe 15 Desemba, 1989, akiwa na umri wa miaka 38, akaacha watoto na nchi iliyomlilia. Tangu alipotangaza hadi alipofariki ilikuwa ni miezi minane tu. Akazikwa kwao Gomba. Waliokuwa wakisema kwamba anadanganya wakaishiwa na maneno.

Kila mwaka mwezi wa Oktoba Uganda humkumbuka kwa siku iliyopewa jina lake. Aidha, baada ya kifo chake palikuwa na watu wenye virusi walioendeleza kazi yake chini ya jina lake, wakienda mashuleni na vijijini kusimulia habari zao kama alivyofanya yeye.

Je, matunda yalionekana? Mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika baadhi ya zahanati za Kampala, karibu wajawazito 30 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na virusi. Katika nchi nzima walikuwa zaidi ya watu wazima 10 katika kila 100. Ilipofika mwanzo wa miaka ya elfu mbili, idadi ilikuwa imeshuka sana, na Uganda ikawa mfano uliotajwa duniani kote. Haki ya historia yatutaka tuseme kwamba kushuka huko hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, serikali ilikuwa imesema kwa nguvu, na watu walipunguza uzinzi kwa kuwa kila familia ilikuwa na kaburi jipya. Lakini wanaozijua habari za miaka ile wanakubali kwamba Lutaaya ndiye aliyeupa ugonjwa sura ya binadamu.

MASHEIKH WA UGANDA

Sasa tufike pale panapotugusa sisi Waislamu. Mwaka huo huo wa 1989, Lutaaya alipokuwa akizunguka makanisani na mashuleni, madaktari Waislamu wa Uganda, waliokuwa wameunda chama chao cha utabibu mwaka 1988, walikwenda kwa Mufti na viongozi wa dini na kuwakalisha kitako. Waliwaeleza ugonjwa ulivyo bila ya kificho. Kutokana na mazungumzo hayo ikatangazwa jihadi dhidi ya UKIMWI, jihadi ya mtu kupambana na nafsi yake na matamanio yake.

Kuanzia mwaka 1992 chama hicho kiliwafunza maimamu, kwanza katika wilaya za Mpigi na Iganga. Gomba, alikozikwa Lutaaya, wakati huo ilikuwa sehemu ya Mpigi. Kwa hiyo katika wilaya ile ile alimolazwa mwimbaji Mkristo, maimamu walianza kupita nyumba kwa nyumba na wasaidizi wao, wanaume na wanawake, wakizungumza na wazazi na vijana. Hawakungoja watu waje msikitini. Walikaa mikekani na mabarazani, wakaulizwa maswali ambayo hapana ambaye angethubutu kuyauliza baada ya khutba ya Ijumaa.

Madaktari hao waligundua pia kwamba kuna mambo yetu wenyewe yenye kuhitaji mafunzo. Moja lilikuwa wembe wa tohara uliotumika kwa mtoto mmoja baada ya mwingine bila ya kuchemshwa. Jingine ni kuosha maiti bila ya kujikinga na damu na majimaji. Mafunzo yao hayakuwa kuacha tohara, wala kuacha kumwosha ndugu yetu Mwislamu. Yalikuwa kwamba kila mtoto awe na wembe wake, na mwosha avae glavu na afunike vidonda vyake. Sunna ikabaki na faradhi ikabaki, na hatari ikaondoka.

Juu ya mipira ya kinga palikuwa na ubishi, kama ilivyo hapa kwetu. Mwanzoni wengi waliikataa. Baada ya mazungumzo marefu, wakaona kwamba lililo mbele ni kujizuia na zinaa na kuwa mwaminifu katika ndoa, lakini kuna mahali ambapo elimu ya mipira haiwezi kukwepwa, kama vile mume mwenye virusi na mkewe asiyekuwa navyo. Baadaye mafunzo yakaingizwa hata katika madrasa, watoto wakasoma habari za maradhi haya pamoja na masomo yao ya dini.

Watafiti walipolinganisha hali ya kabla na baada ya miaka miwili, waliona kwamba maarifa ya watu yameongezeka na kwamba vijana wamepunguza idadi ya wenza. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI liliitangaza kazi hiyo ya maimamu wa Uganda kuwa mfano mwema kwa mataifa mengine. Na Novemba 2001 viongozi wa Kiislamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kuzungumza juu ya maradhi haya.

KWETU PWANI

Turudi mtaani petu, pale mlangoni waosha walipokuwa wakitazamana. Kenya ilikuja kuutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Novemba 1999, miaka kumi baada ya Lutaaya kusema. Katika miaka hiyo kumi tuliwazika wangapi kwa jina la kifua na homa?

Wapo waliosema, na huenda wapo wanaosema hadi leo, kwamba maradhi haya si yetu, kwani sisi tunatahiri na tunahifadhi mabinti zetu. Ni kweli kwamba tohara ina faida. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, ambayo matokeo yake yalitolewa kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa hupungukiwa na hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Lakini asilimia 60 si 100, na mwanamke aliyeolewa na mtembezi hapati kinga hiyo. Tena virusi havina njia moja. Pwani yetu imeingiliwa na unga, na vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliofikia hatua ya kujidunga walishirikiana sindano. Mtoto wa nyumba yenye heshima, aliyehitimu msahafu, aweza kuambukizwa uchochoroni bila ya kugusa mwanamke.

La kushukuru ni kwamba zama za Lutaaya si zama zetu. Leo dawa zipo, na hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Mwenye virusi akizinywa kama inavyotakiwa huishi umri wake, huoa na huzaa. Virusi vikishuka hadi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kukutana naye, na mama huweza kujifungua mtoto asiye navyo. Mambo haya Lutaaya hakuyaona hata katika ndoto. Kinachomwua kijana leo mara nyingi si kukosa dawa bali ni kuona haya kuifuata, kwa kumwogopa jirani atakayemwona mlangoni mwa zahanati.

Vivyo hivyo katika mambo ya posa. Tunauliza ukoo, tunauliza kazi, tunauliza dini, kisha tunaona haya kuzungumzia kupima damu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili aolewe au aoe, na ni sheria ya haki. Lakini haikatazi wachumba wawili kwenda pamoja kwa hiari yao, wala haimkatazi maalim kuwanasihi kabla ya nikahi. Nasaha njema haihitaji askari.

Simwambii msomaji amfuate Lutaaya katika kila jambo. Alikuwa na dini yake nasi tuna yetu, na juu ya muziki wake kila mtu ana rai yake. Hata hivyo hekima ni mali iliyompotea Muumini, na popote aikutapo ana haki nayo zaidi. Hekima ya mtu huyu ni moja tu: kwamba sitara iliyowekwa kumstahi mgonjwa ni jambo jema, lakini sitara inayowaficha vijana hatari iliyo mbele yao si sitara, ni shimo lililofunikwa kwa mkeka.

Maalim anayo madrasa yake, imamu anayo mimbari yake, na mama anayo jioni yake na binti zake jikoni. Kila mmoja wetu ana watoto wanaomsikiliza, kama Lutaaya alivyokuwa na waliozipenda nyimbo zake. Yeye alibakiwa na miezi minane akaitumia yote kwa ajili ya watoto wa wenziwe. Mimi siku ile barazani nilikuwa na saa nzima pamoja na wale vijana, nikaipoteza kwa kunyamaa. Wawili kati yao nimewazika tangu siku hiyo.